Fimbo ya Biliadi na Jina la Fundi Wake

Maswali mawili humkabili mtu anayetiwa mkononi fimbo ya biliadi iliyotengenezwa na fundi maalumu: la kwanza, kama fimbo hiyo ni ya fundi ambaye jina lake limetajwa, na la pili, kama ufundi na mapambo yake ni mazuri. Maswali haya hayana udugu wa karibu kama wengi wanavyodhani. Fimbo yaweza kuwa ya fundi mashuhuri, bila ya shaka yoyote, na isiwe na pambo la kumsimamisha mpita njia. Na yaweza kuwa ya kughushi ilhali njumu zake zimekaa sawasawa kuliko zile za fundi aliyeibiwa jina. Biashara ya fimbo hizi, ambayo kwao ni Marekani, imeyachanganya maswali haya kwa muda mrefu, na faida ya mchanganyiko huo imewaendea wauzaji.

Msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anayeujua mchezo huu kwa meza za baa, ambako fimbo ni mali ya mwenye meza, ncha yake imelika, na kila mchezaji huishika kwa zamu, ana haki ya kuuliza ni kitu gani katika kijiti cha kugongea mipira kinachostahili kuhakikiwa kama hati ya shamba. Jawabu ni kuwa fimbo ya fundi si kijiti kimoja. Urefu wake ni takriban sentimita 147, na imegawanyika vipande viwili vinavyounganishwa katikati kwa skurubu: kipande cha mbele, chembamba, cha mti mweupe mgumu wa Amerika ya Kaskazini uitwao mepo, ambacho ndicho kinachogonga mpira, na kipande cha nyuma, kizito, yaani tako la fimbo, na humo ndimo fundi anamoonyesha uwezo wake. Kipande cha mbele huchakaa, hubadilishwa, hupotea. Kwa hiyo tako ndilo linalobeba nasaba. Katika tako mna kwanza sehemu ya ndimi, yaani pembetatu ndefu nyembamba za mti wa rangi nyingine zinazopanda kuelekea kwenye kiungo. Kisha pana pahali pa kushikia palipozungushiwa uzi wa kitani cha Ireland au ngozi. Kisha mna sehemu ya chini yenye pete, njumu na kifuniko cha mwisho.

Jina linalotamkwa kwa taadhima kuliko yote katika kazi hii ni la George Balabushka, mzaliwa wa Urusi wa mwaka 1912, aliyefika Marekani 1924, akafanya kazi za useremala na za kutengeneza vitu vya watoto kuchezea, na mwaka 1959, baada ya kununua ukumbi wa biliadi kwa ubia, akaanza kutengeneza fimbo za kuwapa rafiki zake. Zawadi zikageuka biashara, na biashara ikaendelea hadi kifo chake Desemba 1975. Inakadiriwa kuwa katika muda huo wote alitoa fimbo kati ya 1,000 na 1,200 tu. Watu wa biliadi wamezoea kumwita Stradivarius wa kazi yao, kwa jina la mtengenezaji mashuhuri wa fidla. Lakini mtu aliyesikia sifa hiyo kwanza, akaja kuiona fimbo yenyewe baadaye, aghalabu huvunjika moyo. Ndimi nne zilizopakana na vibamba vya rangi, pete chache, nukta za gamba la chaza, almasi ndogo zenye mikato: basi. Fundi wa leo mwenye mashine inayoongozwa na kompyuta aweza kutia mapambo mara kumi ya hayo kwa siku moja. Sifa ya Balabushka ilitokana na jinsi fimbo ilivyokaa mkononi, jinsi uzito wake ulivyogawanywa, jinsi kiungo chake kilivyofunga hata mpira ukasikika kama umegongwa na mti mmoja. Nazo ni sifa ambazo picha haiwezi kuzionyesha, wala dalali hawezi kuziandika katika orodha ya mnada.

Tena pana jambo linalomtatiza mnunuzi mgeni zaidi ya hilo. Sehemu yenye ndimi, ambayo macho huiendea kwanza, mara nyingi haikutoka mkononi mwa Balabushka. Mwanzoni alichukua fimbo nzima za kiwanda cha Brunswick, za aina iliyoitwa Titlist, akazikata, akazikereza upya, akazitia kiungo, pete na kifuniko chake, kama alivyokuwa amefanya kabla yake Herman Rambow wa Chicago. Baadaye alinunua miti yenye ndimi tayari kutoka kwa Burton Spain, naye wa Chicago, na kisha kutoka kwa Gus Szamboti wa Pennsylvania, ambaye mwenyewe alikuwa fundi wa daraja la juu. Basi mtu anaposema kwa fahari kwamba anazitambua ndimi za Balabushka, huenda anayemtambua ni mtu mwingine. Jambo hili halipunguzi hata chembe heshima ya marehemu, kwa kuwa halikuwa siri wala udanganyifu. Lakini linageuza kabisa namna ya kuhakiki. Ndimi zinakuwa shahidi wa wakati, si shahidi wa mkono. Fimbo inayodaiwa kuwa ya 1960, ikiwa na ndimi za Szamboti, imejihukumu yenyewe, kwa sababu Szamboti alikuwa hajaanza kuzitengeneza. Hata shahidi huyo hana budi kuhojiwa kwa hadhari, maana ufundi wa Spain haukufa naye: Joel Hercek alijifunza kwake na kuuendeleza, na mti mpya uliofanywa kwa njia ya zamani hufanana na wa zamani kwa kiasi cha kumtosha mwongo.

Hapana sehemu ya fimbo inayosema mengi kwa mtu mwenye subira kama ndimi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Ndimi za asili hufanywa kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, ambayo ndiyo ya Titlist, mti wa mbele na mti wa nyuma hukatwa kila mmoja kwa mapengo marefu yaliyochongoka, kisha miti hiyo huingizwa mmoja ndani ya mwingine kama vidole vya mikono miwili vilivyopachana, ikagandishwa na kukerezwa. Katika njia ya pili mti wa mbele huchimbwa mifereji minne au zaidi yenye umbo la V, ambayo kina chake ni kikubwa upande wa nyuma na hupungua taratibu mpaka kikatoweka upande wa mbele. Ndani ya kila mfereji hutiwa mti wa pembe nne, aghalabu abunusi au mti mwekundu wa jamii ya sesemi, uliokwisha kubandikwa vibamba vyembamba vya rangi pande mbili. Na gundi ikishakauka, kitu chote hutiwa katika keezo. Ukerezaji ndio unaouzaa ulimi. Kisu cha keezo hakichori pembetatu yoyote. Kinaondoa tu kilichozidi, na pembetatu hujitokeza yenyewe pale uso wa mviringo unapokutana na mti uliozama.

Kwa kuwa mfereji umelala kwa mteremko mdogo sana, kosa dogo la kina huwa kosa kubwa la urefu. Ulimi wa sentimita 30, ambao chini yake umezama sentimita moja tu au zaidi kidogo, hurefuka au hufupika milimita mbili tatu kwa kosa lisilozidi unene wa karatasi. Ndiyo sababu wahakiki huigeuza fimbo polepole mbele ya dirisha na kuzitazama ncha za ndimi zote kama zimefika mstari mmoja. Zikiwa zimepishana kidogo katika fimbo ya miaka ya 1960, sina haja ya kumlaumu fundi. Mkono wa binadamu na mashine za wakati ule vilikuwa na mipaka yake. Zikiwa zimelingana sawasawa bila ya tofauti yoyote, sifa ni ya fundi, lakini shaka nayo huanza kuamka, hasa kama fimbo yenyewe ilisemwa kuwa ya zamani.

Ncha yenyewe ina habari yake. Ulimi uliozaliwa na mfereji huishia kwa ncha kali kama ya sindano, na vibamba vya rangi huandamana nao mpaka mwisho, kila kimoja kikikutana na mwenziwe wa upande wa pili kwa pembe safi, cha nje kikitangulia na cha ndani kikifuata. Ulimi uliochongwa na mashine ya kompyuta na kutiwa juu juu kama njumu huwa na ncha ya mviringo, kwa sababu chombo kinachochimba ni cha mviringo, na chombo cha mviringo hakiwezi kuchimba kona iliyo kali kuliko unene wake. Mafundi waangalifu huimalizia kona hiyo kwa kisu, na wengine wamebuni njia za kuificha. Lakini chini ya kioo cha kukuzia, pale vibamba vinapokunjika badala ya kukutana, jambo huwa bayana. Sisemi kuwa njumu ya mashine ni aibu. Nasema kuwa fimbo ya mtu aliyefariki 1975 haiwezi kuwa nayo, na dalili hii moja imewaokoa watu wengi kuliko saini zote zilizopata kuandikwa.

Tukija kwenye mapambo yenyewe, sanaa hii imeendelea sana tangu siku za Balabushka. Huko California, Ernie Gutierrez, mwenye jina la Ginacue, aliingiza njumu nyingi za pembe, fedha na magamba wakati ambapo wenzake walitosheka na nukta. Wakafuata kina Richard Black wa Texas, Bill Stroud, na Thomas Wayne wa Alaska, ambao fimbo zao nyingine hazijapata kugusa mpira na hazikukusudiwa kuugusa. Watu hutazama wingi. Idadi ya vipande vya njumu hutajwa katika matangazo kama idadi ya ng'ombe wa mahari, na mnunuzi hudhani kuwa vipande 200 ni ufundi maradufu wa vipande 100. Mhakiki mzuri halizwi na wingi huo wala hachekeshwi nao. Yeye hutazama mpaka wa njumu, pale pambo linapokutana na mti.

Hapo pana hila ambayo kila seremala wa pwani ataielewa. Mtu aliyepata kuviangalia kwa karibu viti vya enzi vya Lamu, vya abunusi vilivyotiwa njumu za pembe na mfupa, anajua kuwa weusi wa mti humsitiri fundi: pengo lililobaki kandokando ya njumu hujazwa gundi iliyochanganywa na unga wa mti ule ule, na jicho halioni kitu. Katika fimbo ya biliadi ni vivyo hivyo. Njumu nyingi hutiwa katika abunusi, na wanunuzi hudhani sababu ni uzuri wa nyeupe juu ya nyeusi tu. Sababu nyingine ni kuwa abunusi husamehe. Fundi anayetia njumu ya abunusi au fedha ndani ya mepo mweupe, tena mepo wenye madoa madoa kama macho ya ndege, hana pa kujificha, kwa kuwa kila ufa wa gundi utaonekana kama mstari wa wino. Ukitaka kulinganisha mafundi wawili, waache wakuonyeshe kazi yao katika mti mweupe. Mimi naithamini njumu moja iliyokaa vyema katika mepo kuliko kumi katika abunusi.

Gamba la chaza lina taabu yake ya peke yake. Huja likiwa bapa, na fimbo ni ya mviringo. Kwa hiyo kipande kipana kikitiwa kwenye mgongo wa fimbo na kukerezwa, katikati hubaki na unene wake na pembeni hukonda, na rangi zake za upinde wa mvua hufifia pale lilipokonda. Fundi hodari hukata vipande vyembamba na kuvipanga ubavu kwa ubavu, akichagua mshazari wa kila kimoja ili mng'ao usikatike. Asiyejua hutia kipande kimoja kipana, kikawaka katikati na kufa kandoni.

Pembe za ndovu ni mlango mwingine wa udanganyifu, na mchezo wa biliadi una deni la zamani katika jambo hili. Mipira yake ilikuwa ya pembe; pembe laini za Afrika ya Mashariki zilizopitia Unguja zilikwenda Marekani kwa shehena katika karne ya kumi na tisa, nyingi zikaishia kwenye vinanda na nyingine kwenye meza za biliadi; na ni kwa kutafuta kitu cha kuzibadili pembe za mipira ndipo John Wesley Hyatt, katika miaka ya 1860, alipoifikia seluloidi. Kwa hiyo pembe bandia yaweza kusemwa kuwa imezaliwa nyumbani mwa biliadi yenyewe. Kuitofautisha na ya kweli si kazi kubwa kama uso uliokatwa kwa upana unaonekana, mathalan mwisho wa kifuniko cha tako au uso wa kiungo: pembe ya ndovu huonyesha mistari myembamba ya mapinde inayopishana kama wavu, mfupa huonyesha vidoa vyeusi ambavyo ni njia za damu, na plastiki ama haionyeshi kitu ama huonyesha mistari iliyonyooka mno. Shida ni kuwa njumu ndogo hazina uso wa kutosha kwa mistari hiyo, na hapo taa ya urujuanimno husaidia kidogo, kwani pembe hung'aa weupe wa samawati, na plastiki nyingi hazing'ai hivyo. Sheria nazo zimeingia: biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989, mti wa Brazil ulio ndugu wa mpingo wetu ukafuata 1992, na Marekani ikakaza sheria zake za ndani juu ya pembe mwaka 2016, hivyo leo muuzaji ana sababu ya kudai kuwa pembe ni bandia kama alivyokuwa na sababu jana ya kudai kuwa bandia ni pembe.

Vitu vingine hutoa ushahidi wa tarehe bila kuulizwa. Plastiki ngumu iitwayo Delrin iliingia sokoni mwaka 1960. Ikionekana katika kifuniko cha fimbo inayodaiwa kuwa ya miaka ya 1950, basi ama dai ni la uongo ama kifuniko kimebadilishwa. Aidha, mepo, abunusi na pembe havisinyai kwa kiasi kimoja. Katika fimbo iliyokaa miaka 50 ukucha ukipitishwa juu ya njumu huhisi ukingo mdogo sana, na uso ulio laini kama kioo kila mahali huonyesha kuwa fimbo imepakwa rangi upya hivi karibuni, jambo ambalo si kosa kwa nafsi yake, ila hufuta maandishi mengi.

Sasa saini. Wanunuzi huitafuta mwanzo. Mimi ningeitafuta mwisho. Fimbo nyingi za zamani za mafundi wakubwa hazikutiwa jina lolote, kwa sababu fundi alimjua mteja na mteja alimjua fundi, na jina lilipoanza kuwa na bei ndipo majina yalipoanza kuota katika fimbo zilizokuwa hazinayo. Kalamu na kopo la vanishi vinatosha. Kinachotatanisha zaidi ni kuwa jina laweza kuwa halali na fimbo isiwe ya fundi. Baada ya filamu ya The Color of Money ya mwaka 1986, ambamo Paul Newman anampa kijana wake fimbo inayotajwa kuwa ni Balabushka, mahitaji ya jina hilo yalipanda sana; fimbo iliyoonekana katika filamu, hata hivyo, ilikuwa ya kampuni ya Joss, iliyotengenezwa ifanane. Jina la Balabushka likatumika pia kwa ruhusa ya kisheria juu ya fimbo za viwanda. Hizo si ghushi, wala aliyeinunua dukani kwa bei yake hakudhulumiwa. Anayedhulumiwa ni mnunuzi wa tatu au wa nne, anayeuziwa jina bila kuelezwa lilitoka wapi.

Ushahidi wenye uzito, kwa maoni yangu, ni ule ambao mghushi hapendi kuutengeneza kwa sababu haumpendezi mtu yeyote: risiti ya wakati ule, barua ya fundi juu ya uzito na ukubwa wa ncha, picha ya zamani ya mchezaji akiwa nayo, maelezo ya mtu aliyeinunua kwa fundi mwenyewe na kukaa nayo mpaka ikafika mkono wa pili. Vitabu kama kile kikubwa cha Victor Stein na Paul Rubino juu ya historia ya biliadi vinamsaidia mtu kulinganisha. Lakini kitabu kikimfunza mhakiki humfunza mghushi vilevile. Hati za uthibitisho zinazoandikwa na wajuzi wa leo zina faida pale tu zinapoeleza sababu, zikisema kiungo ni cha aina gani, ndimi zimefanywa kwa njia gani, kitu gani kimebadilishwa. Hati inayosema tu kwamba fimbo ni sahihi, kisha ikafuatwa na saini ya mtu, inaongeza saini ya pili juu ya ile ya kwanza tuliyokuwa tukiitilia shaka.

Namsihi basi mtu aliyerithi fimbo ya zamani, au aliyeikuta katika sanduku la jamaa yake, asiipeleke kwa fundi wa rangi kabla haijatazamwa na mjuzi, asibadilishe uzi wa kitani uliochakaa, wala asitupe kipande cha mbele kilichopinda, kwa sababu mjuzi atavihitaji vyote. Na anayenunua, akiwa hana hati ya kumridhisha, asikubali kulipa bei ya jina. Alipe bei ya kazi anayoiona mbele yake, ambayo kwa fimbo nzuri si ndogo.